Sura ya Nne: Saa ya Bomba, Saa ya Kitabu

Ratiba nyingi za kufundishia watoto nyumbani hufa kabla ya Ijumaa. Huanza kwa mbwembwe: mzazi anachora mistari kwa rula, anaandika Hesabu saa mbili, Kusoma saa tatu, Mapumziko saa nne, kisha anabandika karatasi ukutani. Jumanne bomba halitoi maji. Jumatano kitindamimba anaamka na homa. Kufika Alhamisi hakuna anayeitupia jicho ile karatasi, na kila mama akipita mbele yake anaona kama inamsuta. Inamsuta bure. Karatasi yenyewe ndiyo yenye makosa, kwa sababu imeiga shule, na shule ina mtu anayelipwa kupiga kengele.

Mfano wangu mkuu ni Dzaleka, iliyoko wilaya ya Dowa nchini Malawi, chini kidogo ya kilomita 50 kutoka Lilongwe. Enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa siasa. Mwaka 1994 pakafunguliwa kambi ya wakimbizi iliyokusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, halafu Warundi na Wanyarwanda, pamoja na Wasomali na Waethiopia. Mwaka huohuo wa 1994 serikali mpya ya Malawi ilifuta ada katika shule za msingi, na idadi ya wanafunzi nchi nzima ikapanda kutoka milioni 1.9 hadi karibu milioni 3. Kwa hiyo mtoto wa Dzaleka amerithi misongamano miwili, wa kambi na wa darasa.

Katika shule ya msingi ya Umodzi Katubza, inayoendeshwa na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, JRS, darasa la watoto zaidi ya mia si jambo la kushangaza. Hebu tupige hesabu. Mwalimu mwenye watoto mia akitaka kumsikiliza kila mmoja akisoma kwa dakika moja tu, zitapita saa moja na dakika arobaini, na hajafundisha kitu kipya. Bila shaka hafanyi hivyo. Watoto husoma kwa pamoja, kwa sauti moja, na asiyejua hujificha ndani ya sauti za wanaojua. Anaweza kujificha miaka miwili bila mtu kugundua.

Hapo ndipo kazi ya nyumbani inapoonekana. Nyumba haina haja ya kushindana na shule kwa masomo, ubao wala vitabu. Inampa mtoto kitu kimoja ambacho shule yenye watoto mia haiwezi kumpa: sikio la mtu mzima linalomsikiliza yeye peke yake. Dakika kumi kwa siku zinatosha. Ratiba yote ninayoipendekeza katika sura hii imejengwa kuzilinda dakika hizo kumi, na zikilindwa, mengine yanaweza kulegea.

Tuchukue nyumba moja ya kubuni, ila si ngeni kwa yeyote anayeijua kambi. Iko Lisungwi. Wamo mama, bibi mzaa mama, binti wa miaka minane, mvulana wa miaka sita na mdogo wao wa miaka minne. Wametoka upande wa Fizi, Kongo. Baba anabeba mizigo na kufanya vibarua, harudi kabla ya jioni. Mama ana shughuli ya kukaanga maandazi. Swali la kwanza si somo gani liwekwe saa ngapi. Swali ni hili: katika nyumba hii, mambo gani hayakosi kutokea, hata siku mbaya? Maji lazima yachotwe. Moto lazima uwashwe. Chakula kikipatikana kitapikwa, na kikipikwa mtu atakaa karibu na jiko. Giza litaingia. Hayo manne ndiyo misumari ya kutundikia masomo. Saa ya ukutani haina kazi hapa.

Tuanze na maji. Bombani ndoo hupangwa mstari, na mama na wanawe wanaweza kungoja nusu saa au zaidi. Mtu hawezi kushika kitabu pale, kuna matope na kuna ugomvi wa nafasi, lakini mdomo uko huru.

"Ndoo yetu ni ya ngapi?"

"Ya kumi na moja, mama."

"Zikiondoka tatu?"

"Ya nane."

"Na yule mama akitupita kwa nguvu?"

"Ya tisa! Lakini tutamwambia arudi nyuma."

Hiyo ni hesabu ya kujumlisha na kutoa, tena yenye maana, kwa sababu jibu lake linajulikana palepale mstari unaposogea. Wa miaka minne anatajiwa rangi za ndoo. Wa miaka sita anatafuta maneno yanayoanza na *nda*, kisha *ndo*, kisha *ndi*. Siku nyingine ni zamu ya vitendawili. Foleni ikiisha, somo limeisha. Sipendi mzazi aliyemaliza kuchota maji kumwambia mtoto waendelee kuhesabu njiani hadi nyumbani. Mtoto naye amebeba kidumu.

Baada ya maji, jiko. Maharage huchukua saa mbili juu ya mkaa, na mpishi hawezi kwenda mbali kwa kuwa maji yatakauka. Hizi ndizo dakika za thamani kuliko zote katika siku. Mikono ya mama inachambua mboga, macho yako kwenye moto, masikio hayana kazi. Mtoto anakaa kwenye kigoda karibu naye na kusoma kwa sauti, dakika kumi, si zaidi. Akimaliza anampisha mwenzake. Ikiwa siku hiyo hakuna maharage, basi ni wakati wa kuchambua lengalenga au kupepeta unga. Ninachotaka ni kazi ya mikono inayomweka mtu mzima mahali pamoja.

Wengine watauliza: na mama asiyejua kusoma? Anaweza, na wakati mwingine ni msikilizaji bora kuliko aliyesoma, kwa sababu hana hamu ya kusahihisha kila neno. Anasikia kama mtoto anatiririka au anakwama. Anauliza, "Halafu ikawaje?" Mtoto asiyeelewa alichokisoma hana jibu la swali hilo, na mtoto anayebuni hadithi kutokana na picha hujulikana siku ya pili, pale hadithi ileile inapokuja na mwisho tofauti. Nimewaona walimu wenye vyeti wakishindwa kuliuliza swali hilo.

Mwaka 2017 mpaka 2019 lilifanyika jaribio kubwa mkoani Tanga, Tanzania, la shindano lililoitwa Global Learning XPRIZE. Watoto wa vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili wajifunze wenyewe kusoma na kuhesabu. Kabla ya kuanza, asilimia 74 walikuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 kundi hilo la wasioweza kusoma neno lilikuwa limepungua kwa nusu. Zawadi waligawana washindi wawili, KitKit School na onebillion. Programu ya onebillion ilikuwa imeshajaribiwa kwa Kichewa katika shule za Lilongwe kabla ya hapo. Matokeo hayo yanastahili sifa. Lakini katika takwimu zile, inayonikaa kichwani ni nyingine: asilimia 80 ya watoto wale walikuwa hawajawahi kusomewa kitu nyumbani. Kishikwambi kinaweza kumtamkia mtoto silabi mara mia bila kuchoka. Hakiulizi ikawaje.

Sasa lugha, ambayo ndiyo mtego mkubwa wa Dzaleka. Nyumba yetu ya Lisungwi inaongea Kibembe ndani na Kiswahili uani. Watoto wanacheza kwa Kichewa na majirani. Ubao wa shule ni wa Kiingereza, kwani baada ya sheria ya elimu ya mwaka 2013 serikali ya Malawi iliagiza Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza. Kabla ya hapo madarasa manne ya mwanzo yalifundishwa kwa Kichewa. Mzazi mwenye hofu huamua kufundisha Kiingereza nyumbani, akidhani anamsaidia mtoto kuwahi. Mtoto wa miaka sita anajifunza kutamka neno asilolijua, kwa tahajia isiyofuata matamshi, kutoka kwa mzazi ambaye mara nyingi naye hana uhakika. Nasema bila kumung'unya maneno: huko ni kupoteza mkaa.

Afundishwe kusoma kwanza katika lugha ambayo mama yake anaweza kumtania. Kwa nyumba nyingi za kambi, hicho ni Kiswahili. Kina vokali tano, kila herufi ina kazi yake, na kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa. Anza na *ma, ba, ka, ta, la*. Kwa silabi hizo tano pekee mtoto tayari anasoma mama, baba, kaka, lala, kata, taka, kamata. Ongeza vokali moja kila baada ya siku chache, si silabi kumi kwa mpigo. Akishaweza kusoma sentensi fupi, Kichewa hakitamshinda: nyumba, moto, mwana, nyama na ng'ombe huandikwa vilevile, na madzi, mvula na dzina havihitaji mkalimani. Kitakachomsumbua ni herufi *ph*, *th* na *kh*, za maneno kama phala na khasu, na hizo atazipata shuleni.

Kiingereza kiingie kwa masikio kwanza. Salamu, viungo vya mwili, na hasa namba, kwa sababu ya jambo ambalo kila mgeni wa Malawi hulitambua siku ya kwanza sokoni: bei hutajwa kwa namba za Kiingereza hata katikati ya sentensi ya Kichewa. Mtoto anayetumwa kununua chumvi anajifunza namba hizo kwa lazima. Mwacheni aende, na akirudi aeleze chenji.

Vitabu ni haba, na hapa simu inasaidia kuliko wengi wanavyoitumia. Mkusanyo wa African Storybook, ulioanza mwaka 2014, una hadithi fupi za picha zinazopatikana bure, na nyingi zipo kwa Kiswahili, Kichewa na Kinyarwanda. Mtu mmoja mwenye bando anaweza kupakua hadithi kumi na kuwagawia majirani kwa Bluetooth. Uzuri wake ni kwamba hadithi ileile husomwa kwa lugha moja wiki hii na kwa nyingine wiki ijayo. Mtoto anajua tayari nani alimla nani, kwa hiyo nguvu zake zote zinabaki kwenye maneno.

Kuandika kusianzie kwenye daftari. Daftari ni ghali na mtoto wa miaka sita hulimaliza kwa siku nne. Uani kuna udongo, na kijiti hakina bei. Aandike pale, afute kwa mguu, aandike tena. Daftari litoke mara moja kwa wiki kwa ajili ya nakala safi, na mtoto aandike tarehe juu. Baada ya miezi michache kurasa hizo zitamwonyesha mama mwendo wa mtoto vizuri kuliko ripoti ya shule.

Kuhusu hesabu nina pendekezo moja tu, na naona ajabu kwamba halimo katika mwongozo wowote wa wazazi niliowahi kuupata. Chimbeni bao. Wamalawi wanalo, wanaliita bawo na huligombania hadi jua linazama. Wanyarwanda wana igisoro. Waswahili wa Zanzibar wana bao lao la kete. Yote matatu yana mashimo manne kwa manane na kete 64, yaani mashimo 32 ambayo mtoto anaweza kuyachimba mwenyewe kwa kijiko, na kete zikawa mbegu au vijiwe. Mtoto wa miaka minne agawe kete mbilimbili katika kila shimo; hilo pekee ni somo la asubuhi nzima. Wa miaka sita acheze kwa safu mbili. Wa miaka minane ataanza kutabiri kete yake ya mwisho itaangukia wapi, na anayetabiri hivyo anafanya hesabu ya kichwa ambayo hakuna daftari la mazoezi litakalomlazimisha kuifanya. Zaidi ya hayo, bao linamleta babu wa jirani uani, hata kama lugha yake na ya mtoto hazikutani.

Jioni ifungwe kwa hadithi, si kwa kitabu. Mwezi Juni jua la Malawi huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na taa ndogo ya sola ina wateja wengi: kuna maandazi ya kesho ya kukandwa na kuna simu ya kuchajiwa. Bibi ndiye mwalimu wa saa hii. Sungura na Fisi wa Kongo ni ndugu na Kalulu na Fisi wa Malawi, kwa hiyo mtoto aliyesikia hadithi ya Kichewa uwanjani anaweza kumletea bibi, na bibi akamwambia, "Ehe, hiyo sisi tunaijua, lakini kwetu Fisi alifika mapema." Usiku mmoja kwa wiki mtoto ndiye asimulie, na wakubwa wakae kimya.

Nusura nimsahau binti wa miaka minane, na kumsahau ndiyo kawaida ya nyumba nyingi. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, Lamu na Zanzibar, mwanafunzi mkubwa amewafundisha wadogo tangu zamani, na njia hiyo ni nzuri: anayefundisha silabi hazisahau kamwe. Binti huyu anaweza kumchukua mdogo wake dakika kumi. Lakini tazama siku yake. Amechota maji, amefagia, amembeba kitindamimba, na sasa ni mwalimu. Ratiba ikiwa inamfaa kila mtu isipokuwa yeye, hiyo ni ajira. Utaratibu wangu ni kwamba siku anayofundisha hafui wala haoshi vyombo, na kazi hizo zinakwenda kwa mvulana wa miaka sita, ambaye ana mikono miwili kama wengine. Na zile dakika kumi kando ya maharage, yeye awe wa kwanza, kabla usingizi haujamchukua mama.

Mtoto akisoma zamu ya asubuhi shuleni, asifundishwe mara tu anaporudi. Ale, acheze, apotee kidogo. Akisoma zamu ya mchana, foleni ya maji ya asubuhi ndiyo darasa lake na jiko la jioni ndilo la kusoma. Mvua inapopiga mabati hakuna anayemsikia mwenzake. Siku hiyo ni ya kuchora. Siku ya mgao wa msaada, siku ya msiba, siku mtoto anapougua, mkate wa masomo unapunguzwa hadi kipande kimoja: hadithi ya jioni. Nyumba isiyoweza kufanya hata hiyo siku hiyo, ilale. Kesho maji yatachotwa tena.

Nasisitiza kipande hicho kimoja kwa sababu ya miaka tuliyopitia. Tarehe 23 Machi 2020 shule zote za Malawi zilifungwa kwa ajili ya Korona, na madarasa mengi hayakurudi hadi Oktoba. Januari 2021 zikafungwa tena. Januari 2023 muhula ulichelewa kuanza Lilongwe na Blantyre kwa sababu ya kipindupindu. Uganda hali ilikuwa nzito zaidi: watoto wengi walikaa nyumbani tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, huku masomo yakirushwa redioni na kuchapishwa magazetini. Gazeti na redio havikumfaa mtoto wa miaka sita asiye na mtu wa kukaa naye, kwa maoni yangu. Nyumba iliyokuwa na mazoea madogo kabla ya kufungwa haikulazimika kubuni shule kwa ghafla.

Lilongwe ni habari nyingine, na naipitia kwa haraka kidogo kwa kuwa fedha na umeme hurahisisha mengi. Familia ya Waswahili inayokaa Area 25 au Kawale haina foleni ndefu ya maji. Tatizo lake ni minibasi na duka. Wazazi wanatoka alfajiri, wanarudi usiku, mtoto analelewa na dada wa kazi anayeongea Kichewa. Hapa msumari wa kutundikia somo ni duka lenyewe. Jumamosi mtoto asome maandishi ya mifuko, apange sabuni kwa bei, aandike majina ya vilivyokwisha. Dada wa kazi apewe heshima ya mwalimu wa Kichewa, naye aitwe dada na kusalimiwa kama dada, kwani mtoto hajifunzi lugha ya mtu anayemwona akidharauliwa.

Kisha wako watoto waliovuka kutoka maisha hayo ya mjini hadi yale ya kambi katika wiki moja. Mwisho wa Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi wote waliokuwa wakiishi nje ya kambi warudi Dzaleka kufikia tarehe 15 Aprili, na mwezi Mei polisi wakaanza msako mitaani na madukani. Mamia walikamatwa, watoto wakiwemo. Watoto waliokuwa darasani Lilongwe walijikuta Dzaleka katikati ya mwaka wa masomo, wengine bila daftari hata moja, katika shule ambayo tayari ilikuwa imefurika.

Mtoto wa namna hiyo asifundishwe jambo jipya wiki za kwanza. Achague mwenyewe desturi moja ya nyumba ya zamani irudi, hata kama ni kuandika orodha ya bidhaa za duka lisilokuwepo tena. Aende bombani na wenzake, ajifunze majina ya mitaa ya kambi, ambayo mingi imepewa majina ya miji na maeneo ya Malawi. Kutoka Zomba hadi Karonga ni mwendo wa miguu, na hilo litamchekesha. Mama asipojua mtoto alikuwa amefika wapi katika masomo, na hakuna barua ya shule wala daftari la kuangalia, amwombe amfundishe wimbo wa mwisho waliofundishwa darasani kule mjini. Wimbo wa herufi, wa namba, wa siku za wiki, wa miezi: mwalimu huziimbisha kwa kufuata somo lilipo. Mama akisikia miezi inatajwa kwa Kiingereza hadi Agosti kisha mtoto ananyamaza, basi waanze na Septemba.